Ufunguo wa Pili wa Nkowe

Mtu anayekiri upesi huwapa polisi raha, na Sajenti Rabia hakuwa na mazoea ya kupewa raha asiyoiomba. Saa mbili asubuhi ya Jumatano, Julai 16, 2008, alikuwa katika chumba cha mahojiano cha kituo cha polisi Nachingwea. Mbele yake alikaa Kipriani Malibiche, msimamizi wa mtandao wa kompyuta wa Hospitali ya Mtakatifu Romualdo, mwanamume wa miaka thelathini na minne mwenye ndevu za siku tano. Chai aliyoletewa ilikuwa imepoa bila kuguswa.

"Rudia," Rabia alisema.

"Nimeshasema mara tatu, afande."

"Mimi mgumu wa kuelewa. Rudia."

Kipriani aliiangalia meza. "Ijumaa, saa nne na dakika tano asubuhi, nilikaa kwenye kompyuta yangu hapa Nachingwea nikakata mawasiliano ya tawi letu la Nkowe. Makusudi. Nilikuwa na hasira, nimenyimwa likizo. Simu ya tawi inapita kwenye mtandao wangu, kwa hiyo nayo ikafa. Shemeji yangu Valentina alikuwa anajifungua kule. Akatokwa damu. Muuguzi akainua simu kuita gari la wagonjwa, simu haina sauti. Mpaka mtu apande baiskeli kwenda kutafuta msaada, mpaka gari lifike, ni saa nane. Ameshakufa. Nimemuua mimi."

"Mtoto?"

"Mzima."

Alisema hayo yote kama mtu anayesoma orodha ya vifaa. Rabia aliifungua bahasha ya vitu alivyovuliwa wakati wa kukamatwa, akavipanga mezani kimoja kimoja: mkanda, kamba za viatu, simu ya mkononi, ufunguo wa pikipiki, na ufunguo mmoja mnene wa kufuli uliofungwa kipande cha plasta kilichoandikwa NKOWE 1.

"Namba mbili uko wapi?"

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Kipriani aliinua uso. "Umepotea."

"Lini?"

"Zamani."

"Zamani ya lini, Kipriani?"

"Afande, nimekiri! Unatafuta nini tena?"

Mtu huyu alikuwa ametaja kifo cha shemeji yake bila sauti kutetemeka, na sasa alikuwa amepandisha sauti kwa sababu ya ufunguo wa kufuli. Rabia alivirudisha vitu kwenye bahasha, akautoa ule ufunguo na kuutia mfukoni.

Ofisini kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, Inspekta Halfani hakutaka hata kumsikiliza.

"Rabia, mtu amesema mwenyewe. Ndugu wa marehemu wanataka kesi, hospitali inataka kesi. Saa tisa alasiri anapelekwa kwa hakimu kuandika maungamo yake. Akishaweka sahihi pale, ndiyo basi. Miaka yake ataihesabu huko huko gerezani."

"Kuna ufunguo unanisumbua, mkuu."

"Ufunguo!"

"Nipe gari. Nitarudi kabla ya saa tisa."

Halfani alimtazama, akaitazama saa ya ukutani, akamrushia ufunguo wa Land Rover. "Saa tisa ni saa tisa. Usije ukanipigia simu kutoka porini kwamba tairi limepasuka."

Ofisi ya mtandao ya hospitali ilikuwa chumba kimoja chembamba nyuma ya stoo ya dawa. Kabati la chuma lilinguruma kwenye kona, limejaa waya za rangi zote, kila waya na kijikaratasi chenye mwandiko mmoja ule ule wa herufi ndogo. Juu ya meza kulikuwa na kompyuta inayoonyesha majina ya matawi ya hospitali, Mbwemkuru, Mkotokuyana, Nkowe, na mbele ya kila jina kitone cha kijani.

Twaha, msaidizi wa Kipriani, alisimama haraka kupita kiasi. Alikuwa mtu wa Tanga, mkubwa kuliko bosi wake kwa miaka mitano, na kila mtu pale hospitalini alijua kwamba jambo hilo lilimkera.

"Vitone hivi ni vya nini?" Rabia aliuliza.

"Tawi likiwa hewani ni kijani, afande. Likikatika ni nyekundu."

"Nkowe ni kijani."

"Tangu Jumapili jioni haijakatika hata mara moja. Kipriani alikwenda kuitengeneza siku moja baada ya mazishi."

"Alikata Ijumaa kwa hasira, akatengeneza Jumapili kwa upole, akajileta polisi Jumatatu. Mtu wa ajabu. Ana daftari?"

Twaha alimpa kauntabuku nene. Rabia alivuta kiti akasoma. Huyu Kipriani aliandika kila kitu. Lini betri za Mbwemkuru zilitiwa maji, lini panya walikula waya wa maabara, daktari gani alisahau nenosiri lake na mara ngapi. Mwisho wa Juni Nkowe ilianza kujitokeza, kwanza mara moja kwa wiki, kisha kila baada ya siku mbili.

*28/6. Nkowe kimya dk 4. Nimekwenda. Nimechomoa, nimepuliza, nimechomeka. Sawa.*

*3/7. Nkowe kimya dk 15. Nimekwenda. Sijaona kitu.*

*7/7. Nkowe kimya dk 25. Nimekwenda. Nimeomba swichi mpya. Jibu: subiri.*

*9/7. Nkowe kimya dk 40. Ncha za waya zimekuwa nyeusi. Nimezikwangua kwa wembe. Sijui sababu.*

Baada ya hapo kulikuwa na mstari mmoja tu wa tarehe 11, siku ya kifo. *Nkowe kimya, 4:05 mpaka 9:10.* Kurasa zilizofuata zilikuwa tupu. Rabia alilifunga daftari na kutoka hadi getini, akaomba kitabu cha mlinzi, akarudi nacho kikiwa wazi kwenye ukurasa wa Ijumaa.

"Saa tatu na dakika ishirini, Kipriani, pikipiki, kwenda Mkotokuyana. Amerudi saa nane na dakika kumi. Sasa niambie, Twaha. Saa nne na dakika tano nani alikuwa kwenye kiti hiki?"

"Mimi."

"Nenosiri lake unalijua?"

"Tunalijua wote wawili."

"Na kazi yake unaitaka."

"Nani hataki, afande? Nina miaka thelathini na tisa, nabeba mkoba wa mtu niliyemtangulia kuzaliwa na kusoma."

Rabia alikwenda akaufunga mlango. "Basi nieleze mimi kabla sijakuomba unifuate kituoni. Uliikata?"

"Sikuikata! Wallahi sikuikata. Njoo uone." Vidole vyake vilikosea herufi mara mbili kabla ya orodha ndefu kutokea kwenye kioo. "Mtambo unaandika kila anayeingia, jina na saa. Hapa, Ijumaa. Hakuna aliyeingia. Siyo mimi, siyo yeye. Hakuna aliyetoa amri ya kukata kitu. Nkowe ilijifia yenyewe kule kule."

"Kwa nini hukusema?"

"Aliposema ni yeye, nilifurahi." Twaha alikaa. "Mungu anisamehe, nilifurahi. Kwa sababu mimi nilikiona kitone kikawa chekundu. Nilikuwa nimekaa hapa hapa."

"Ukafanya nini?"

"Nilikwenda kunywa chai."

Rabia alikifunga kitabu cha mlinzi.

"Wiki mbili kilikuwa kinageuka chekundu na kurudi, afande. Nikajua kitarudi chenyewe. Kipriani hakuwa hivyo. Kikiwa chekundu yeye hali, hanywi, anapanda pikipiki. Mimi nilikunywa chai na chapati mbili, na yule mama anatokwa damu." Machozi yalimtiririka bila sauti na hakuyafuta.

Rabia alimwonea huruma, na huruma ile ilimkasirisha, kwa sababu saa ilikuwa inakwenda. "Chapa orodha hiyo, uchukue bisibisi zako. Tunakwenda Nkowe."

Walifika saa tano na nusu, nguo zimejaa vumbi jekundu. Tawi la hospitali lilikuwa jengo refu la bati. Hatua kama mia moja nyuma yake, juu ya kilima kidogo, ulisimama mnara wa antena, na chini ya mnara chumba cha matofali chenye mlango wa chuma. Bonde lile lilikuwa bado halijapata mnara wa simu za mkononi. Simu ya mezani ya muuguzi Letisia ndiyo iliyokuwa sauti pekee ya Nkowe.

"Niliinua nikaweka, nikainua nikaweka," Letisia alisema, akiwaongoza kupanda. "Mpaka mgonjwa akaniambia, dada, iache hiyo, nishike mkono."

Mlangoni palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko wa Kipriani: MITAMBO. USIINGIE NA MAJI. Rabia alifungua kwa ufunguo namba moja, akasimama kizingitini bila kuingia. Sakafu ilikuwa na michirizi ya dekio kutoka ukuta hadi ukuta.

"Nani amedeki chumba kisichotakiwa kuingia maji?"

"Kipriani mwenyewe," Letisia alijibu. "Jumapili. Aliniazima ndoo na dekio. Nikamwambia amwachie mhudumu, hakutaka. Akajifungia kwa ndani. Nilimsikia analia humo, nikadhani anamlilia shemeji yake."

"Twaha, fungua hayo makopo yako."

Twaha alichomoa swichi, kisanduku kinachounganisha waya zote, akaifungua kifuniko, akaiinua kuelekea mwangani. Ndani, mahali pote palipotakiwa kung'aa rangi ya shaba palikuwa peusi, kana kwamba pameungua, lakini hapakuwa na harufu ya moto. Alichomoa waya mmoja, wa pili, wa kumi. Ncha zote zilikuwa nyeusi, isipokuwa chache zilizokwanguliwa kwa wembe.

"Sijawahi kuona kitu hiki," alisema. "Umeme hauunguzi hivi. Maji hayafanyi hivi."

Rabia alipiga magoti. Mtu aliyedeki alikuwa hodari, lakini hakuikumbuka feni. Alipitisha kidole nyuma ya mapanga yake, kidole kikatoka na unga wa manjano. Akaunusa, na pua ikamjibu mara moja.

"Vumbi gani hilo, afande? Poda?"

"Wewe mtu wa Tanga huwezi kulijua. Hii ni salfa."

"Salfa ya nini?"

"Ya mikorosho. Kila nyumba kuanzia hapa mpaka kwetu Mkotokuyana inapuliza salfa miezi hii, la sivyo maua yanaota ukungu na hakuna korosho." Aliendelea kukitazama kidole. "Mama yangu ana bangili ya fedha. Msimu wa kupuliza ukifika inakuwa nyeusi tii, mpaka aisugue kwa majivu. Tukiwa wadogo tulidhani bangili inaumwa. Salfa inakula madini, Twaha. Inakula taratibu. Humu ndani kulikuwa na salfa nyingi na feni ikaivuta wiki kadhaa."

Twaha alitazama swichi mkononi mwake kama mtu aliyeshikishwa maiti. "Nani aweke salfa kwenye chumba cha mitambo?"

Swali lilikuwa zuri. Rabia alimgeukia Letisia. "Kabla ya Jumapili, nani alikuwa anaingia humu zaidi ya Kipriani?"

"Mimi sina ufunguo. Ila alfajiri mlango huu ulikuwa unalia ukifunguliwa. Nilijua ni yule mzee."

"Mzee gani?"

"Mzee Eustakio. Baba mkwe wake Kipriani." Letisia aliishusha sauti. "Baba yake Valentina."

Nyumba ya msiba ilikuwa bado na watu wachache kwenye mikeka. Ndani mtoto mchanga alikuwa analia, na Beatrisi, mke wa Kipriani, alitokea mlangoni akiwa amempakata mtoto wa marehemu mdogo wake, akaona sare ya polisi, akarudi ndani bila salamu. Mzee Eustakio alikaa barazani kwenye kigoda. Pembeni yake mashine ya kupulizia ilikuwa imeegemezwa ukutani, na mifuko mitatu ya salfa, mmoja umefunguliwa, ilikuwa imefunikwa jamvi.

"Shikamoo, baba. Poleni sana na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumepoa." Kiswahili chake kilikuwa kizito, na Kimakonde kilikuwa kinachungulia kila baada ya maneno machache. "Mmeshamfunga?"

"Bado, baba. Nina swali dogo. Chumba cha mitambo kule mnarani. Una ufunguo wake?"

Mzee aliingiza mkono katika fulana, akautoa ukiwa umefungwa kwenye uzi wa shingoni. Plasta yake ilisomeka NKOWE 2.

"Kanipa yeye mwenyewe, mwezi wa sita. Nangu, mimi, sina nyumba ya kufuli, mwanangu. Mwaka huu salfa imekuwa shida, watu wanaiba usiku usiku, na manyunyu nayo yanailowesha. Nikamwambia mkwe, kile chumba chako cha chuma kikavu, niwekee mifuko yangu. Kwetu mtu akioa binti yako hakwambii hapana. Akanipa ufunguo siku ile ile. Kila alfajiri nakwenda, nachota ya siku, napuliza."

"Ulikuwa unachotea mule mule ndani?"

"Mule mule. Nje upepo unaimaliza."

"Na mifuko imerudije hapa?"

Uso wa mzee ulibadilika. "Jumapili. Mwanangu nimemzika Jumamosi, Jumapili huyu anakuja na pikipiki, anaitupa mifuko yangu hapa, safari tatu, haniambii neno, hanitazami. Nilidhani wazimu wa msiba. Kesho yake nasikia amesema polisi kwamba ameua yeye." Alikunja ngumi juu ya goti. "Nilimpa Beatrisi. Akala kwangu. Nataka aoze ndani. Nataka nimwone anavyoingizwa. Twende wote, nipe nafasi kwenye gari lako."

Rabia alihitaji ule ufunguo, na alihitaji maelezo ya mzee kwa maandishi. Alimpa nafasi kwenye gari.

Njiani mzee alikaa mbele, mikono magotini, akauliza mara mbili kama jela ya Lindi ni kubwa. Rabia alijibu kwamba ni kubwa kiasi. Alikuwa anaendesha kwa kasi isiyofaa kwa barabara ile, na alijua haendi tu kumwokoa mtu, anakwenda pia kumvunja mwingine aliyekaa kando yake. Twaha, kiti cha nyuma, aliishika swichi iliyofungwa kwenye gazeti mpaka Nachingwea.

Saa nane na nusu alimwacha mzee kwenye benchi la mapokezi akaenda mahabusu. Kipriani alisimama nyuma ya nondo. Rabia alimwonyesha kidole chake, bado kina manjano kwenye kucha, na katika kiganja cha mkono wa pili, ufunguo namba mbili.

Kipriani alizishika nondo. "Umemwambia?"

"Bado."

"Usimwambie." Alishuka polepole mpaka akakaa sakafuni. "Afande, nakuomba kwa jina la Mungu. Usimwambie."

"Uligundua lini?"

"Jumamosi kaburini. Padri anaomba, mimi nafikiria zile ncha nyeusi. Nikaona pete ya Beatrisi, ya fedha, imekuwa nyeusi. Yeye ndiye aliyekuwa anamsaidia baba yake kupuliza." Alifuta uso kwa kiwiko. "Nimesoma mitandao miaka miwili Dar. Nilifundishwa maji, panya, radi, vumbi. Hakuna aliyenifundisha salfa. Huko hawana mikorosho. Lakini chumba ni changu. Ufunguo nilitoa mimi. Kwa hiyo ni mimi."

"Ulitoa ufunguo kwa mkweo. Hukukata simu. Umesema uongo kwa polisi mara tatu, ya nne leo asubuhi."

"Niache niseme na ya tano kwa hakimu. Ni nusu saa tu imebaki, si utanyamaza nusu saa? Wewe hujui jinsi mzee yule alivyompenda Valentina. Mama yao alikufa, akawalea peke yake kwa ile mikorosho. Sasa anamchukia mtu, na chuki inamwamsha asubuhi, inamlisha. Mwache anichukie mimi. Mimi nitazoea. Jela ina mwisho."

"Na Beatrisi? Na huyo mtoto? Nani atawalea?"

Kipriani aliinamisha kichwa, akalia kama alivyolia chumbani kule mnarani, na safari hii Rabia alilazimika kumtazama.

Halfani alisikiliza yote akiwa amesimama. Aliipindua swichi kwenye gazeti, akaikwangua shaba kwa kucha, akasoma kitabu cha mlinzi wa geti na orodha aliyoichapa Twaha.

"Hakuna shtaka la kuua hapa," alisema mwishowe. "Hata la kuharibu mali hakuna. Kuna mtu aliyetoa ufunguo wa kazini bila ruhusa, hilo ni la hospitali kumwandikia barua. Mwandike mzee maelezo, nimwachie huyu mtu."

"Mkuu, mzee hajui."

Halfani alikuna shingo, akaangalia upande wa mapokezi. Alikuwa mtu wa kelele, lakini safari hii alisema kwa sauti ya chini. "Hajui kusoma pia?"

"Hajui."

"Basi ni lazima asomewe. Unaijua fomu, Rabia. Sikuitunga mimi."

Rabia aliijua. Mwishoni mwa maelezo ya kila shahidi kuna mstari unaosema amesomewa, ameelewa, na yote ni kweli. Mwaka wake wa kumi na mmoja kazini, na hakuwahi kuuruka mstari ule. Kwa dakika moja, mlangoni, alifikiria kuuruka. Kisha alichukua fomu na kalamu akaenda kukaa kwenye benchi.

Aliandika mzee alivyoeleza, polepole, bila kuongeza wala kupunguza. Manyunyu, wezi, mifuko mitatu, ufunguo, alfajiri, kuchota ndani kwa sababu ya upepo. Alipomaliza alimsomea kwa sauti. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa, kama wasikilizavyo watu ambao maisha yao yote wamepokea mambo kwa sikio.

"Ni kweli yote?" Rabia aliuliza.

"Ni kweli. Ila mwanangu, umeandika salfa mara nyingi sana. Kipriani umemtaja kidogo."

Rabia aliiweka kalamu chini.

"Salfa inahusu nini na simu?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika nane. Angeweza kusema haijui kompyuta. Lingekuwa jambo la kweli. Alitamani sana kulisema.

"Baba," alisema, "salfa inakula waya. Ile ya kwenye mifuko yako iliingia kwenye mashine ya simu ikaila mpaka ikafa. Kipriani hakukata chochote. Amejua Jumamosi, akaenda kuitoa mifuko na kudeki ili mtu asijue. Alikuja hapa akasema ni yeye, ili wewe usijue."

Mzee Eustakio alimtazama mdomoni, kama anayengoja maneno mengine yafuate na kuyafuta yale ya kwanza. Hayakufuata. Midomo yake ilianza kwenda, akisema kitu kwa Kimakonde, jina la Valentina likiwa katikati, mara moja, mara mbili. Kutoka ndani zikasikika komeo za mahabusu zikifunguliwa na sauti ya Halfani ikimwambia Kipriani achukue mkanda wake na kamba za viatu.

Kipriani alitokea mlangoni, suruali ameishika kwa mkono. Alimwona mkwewe usoni, akaelewa, akabaki amesimama pale pale.

Mzee hakumsogelea. Aliinuka kwa shida, akageuka kwa Halfani, akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, viwiko vimebana mbavu.

"Basi nifungeni nangu."

"Hapana, mzee," Halfani alisema.

"Nilisema aliyeua afungwe. Nifungeni."

"Mzee wangu, hakuna kosa la namna hiyo. Sheria haina. Nenda nyumbani ukapumzike."

"Nyumbani kuna mtoto," mzee alisema. "Nitakaa naye vipi?"

Alibaki amesimama, mikono mbele, naye hakuishusha. Fomu ilikuwa bado haina alama ya shahidi. Rabia alifungua kidau cha wino, akaushika mkono wa kulia wa mzee kwa mikono yake miwili, akalichovya dole gumba na kuligandamiza kwenye karatasi, chini ya mstari unaosema nimesomewa na nimeelewa.